Kona ya Familia: Mtoto wa Ayalandi na Jina la Kati

Mwezi huu tumeletewa swali ambalo mwanzo lilituchekesha kidogo, halafu tulipolisikiliza vizuri tukanyamaza. Tumeona tulijibu hapa hapa, maana tunajua familia nyingi zina ndugu waliohamishiwa nchi za mbali, na watoto wanazaliwa huko kila mwaka.

Swali ni la mama mmoja mtu mzima wa hapa kambini. Binti yake na mkwe wake wanaishi Ayalandi (wengine huandika Eire), na binti ni mjamzito, amebakiza wiki chache. Mtoto ni wa kike. Wamekubaliana jina la kwanza liwe la kule: Saoirse. Jina la kati, lile linalokaa katikati ya jina la kwanza na la ukoo, wamemwachia nyanya yake aliyebaki huku achague. Mama anauliza mambo matatu. Kwanza, jina hilo la kigeni si kumtoa mtoto kwenye ukoo? Pili, ni jina gani litakaa vizuri pembeni yake? Tatu, na hili alilisema kwa sauti ya chini: anataka kutoa jina la mwanawe wa kiume aliyepotea njiani siku walipokimbia. Lakini jamaa wanamwambia ukimpa mtoto jina hilo, umemzika mtu ambaye hakuna aliyeona kaburi lake.

Tuyachukue moja moja.

Jina lenyewe ni lipi?

Saoirse linaandikwa hivyo lakini halisomwi hivyo. Ukilisoma kwa Kiswahili chetu, ulimi unakwama kama baiskeli kwenye tope. Wenyewe wanasema karibu na “Sirsha”. Na maana yake, ndugu wasomaji, ni uhuru. Yaani ni jina lile lile tunalolijua Afrika Mashariki. Hata rais wa nne wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1961, anaitwa Uhuru. Saoirse lilianza kutumika kama jina la mtu katika karne ya 20, wakati watu wa Ayalandi walipokuwa wanapigania kujitawala. Kwa hiyo nyanya anaweza kumwambia jirani bila wasiwasi: mjukuu wangu anaitwa Uhuru, ila kwa lugha ya huko.

Na majina ya Kiayalandi si mageni kwetu kama tunavyofikiri. Darasani kwetu tuna watoto wanaoitwa Kevin, Brian, Sheila na Maureen. Wazazi wao wanadhani ni ya Kiingereza. Kevin ni Caoimhín, jina la mtakatifu wa kale wa Ayalandi. Brian ni jina la mfalme wao, Brian Boru, aliyeuawa mwaka 1014 kwenye vita vya Clontarf karibu na Dublin. Sheila ni Síle, yaani Sesilia kwa kinywa cha Kiayalandi. Maureen ni Máirín, maana yake Maria mdogo. Hivyo tumekuwa tukiita majina ya kule uwanjani kila asubuhi bila kujua.

Je, ni kumtoa mtoto kwenye ukoo?

Hapa tunaomba mtuvumilie tuseme historia kidogo, kwa sababu jibu liko ndani yake.

Ayalandi ilitawaliwa na Waingereza kwa mamia ya miaka. Mwaka 1366 ilitungwa sheria iliyowataka Waingereza waliohamia kule watumie majina ya Kiingereza na lugha ya Kiingereza, wasije wakageuka Waayalandi. Mwaka 1465 ikaja nyingine: Waayalandi walioishi karibu na Dublin wachukue majina ya ukoo ya Kiingereza, kama jina la mji, la rangi au la kazi. Karne zikapita, makarani na mapadri wakawa wanaandika Seán kama John, Siobhán kama Joan au Hannah. Mtu alikuwa na jina moja nyumbani na lingine kwenye karatasi. Ikaja njaa kubwa kuanzia mwaka 1845, viazi vilipooza shambani. Karibu watu milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja walipanda meli kwenda Marekani, Uingereza na kwingine, na huko nako majina yao yaliandikwa jinsi karani alivyosikia. Ni mpaka mwaka 1893, kilipoanzishwa chama cha kuihuisha lugha yao, ndipo watu wengi wakaanza kuyarudisha majina ya mababu kwa makusudi. Sehemu kubwa ya nchi ilipata kujitawala mwaka 1922.

Sisi tuliotoka Kongo, hadithi hii si ngeni, si ndiyo? Babu zetu walibatizwa wakapewa majina ya Ulaya. Halafu mwaka 1972 Mobutu akayakataza majina hayo ya Kikristo ya kigeni, yeye mwenyewe akaacha kuitwa Joseph-Désiré, na kila mtu ikabidi atafute jina la mababu. Ndipo “postnom” ikakaa kwenye vitambulisho vyetu. Miaka ya 1990 majina ya ubatizo yakarudi waziwazi, na leo Mkongo wa kawaida ana yote matatu. Kwa hiyo hatukuzoea jina moja. Tumezoea jina la nyumbani na jina la kanisani kukaa kitanda kimoja.

Tena angalieni jambo hili. Seán na Siobhán, ambayo leo ndiyo majina ya Kiayalandi kabisa, yaliingia na Wanormani waliofika mwaka 1169 wakisema Kifaransa. Ni ndugu wa Jean na Jeanne tulio nao hapa kambini, na wote ni watoto wa Yohana wa Biblia. Hata Patrick, mtakatifu anayesherehekewa kule kila tarehe 17 Machi, hakuwa Mwayalandi. Alitoka Uingereza ya zama za Warumi, akatekwa akiwa kijana wa kama miaka 16, akapelekwa Ayalandi kuwa mtumwa na mchunga mifugo. Alitoroka, kisha akarudi kuhubiri. Jina lake ni la Kilatini, Patricius, na ndilo hilo hilo alilobeba Patrice Lumumba. Jina la mgeni aliyefika kwa nguvu limekuwa jina la nchi nzima.

Basi jibu la swali la kwanza ni hapana. Jina la kwanza la Kiayalandi halimtoi mtoto kwenye ukoo, ikiwa jina la kati linamshika mkono. Linamsaidia aitwe bila kusita na mwalimu wa huko. La kati linamsaidia ajue ametoka wapi. Ukoo unapotea pale ambapo hakuna mtu aliyemweleza mtoto jina lake linatoka kwa nani.

Wenyewe wanachaguaje?

Ni vizuri kujua desturi ya wenyeji, ili tusidhani tunafanya kitu cha ajabu. Kwa zamani, familia nyingi za Ayalandi zilifuata mpango: mvulana wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake, wa pili la baba wa mama; msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa mama yake, wa pili la mama wa baba. Wakikuyu wa Kenya nao wana mpango unaofanana na huo. Siku hizi wazazi wa kule huchagua jina la kwanza wanalolipenda, na heshima ya babu au nyanya wanaiweka kwenye jina la kati. Wengine huweka jina la mtakatifu. Wakatoliki wanapofikia kipaimara, karibu miaka 12, mtoto huchagua tena jina la mtakatifu.

Kwa hiyo Mwayalandi akisikia jina la kati la mtoto ni la ndugu wa mama yake, ataelewa mara moja. Hata jina la ukoo la kigeni si kizuizi. Éamon de Valera alizaliwa New York mwaka 1882, mama Mwayalandi, baba mwenye jina la Kihispania. Alibatizwa Edward, akaligeuza kuwa Éamon kwa Kiayalandi, lakini de Valera lilibaki kama lilivyo. Akawa waziri mkuu wa nchi, na baadaye rais kuanzia mwaka 1959 hadi 1973.

Kulipanga lisikike vizuri

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Kama walimu tumezoea kujaribu vitu kwa sauti, siyo kwa macho. Simama mlangoni, ita majina yote mawili kama unayemwita mtoto aje kula. Utagundua haraka.

Kwanza, angalia mwisho wa jina la kwanza na mwanzo wa la kati. Aoife husomwa “Ifa”. Ukiweka Amani mbele yake, utasikia “Ifamani”, jina moja jipya ambalo hakuna aliyelikusudia. Aoife Neema au Aoife Zawadi, kila moja linasimama kwa miguu yake. Niamh husomwa “Niv”. Ukiweka Furaha, V na F zinagongana mdomoni. Niamh Riziki ni rahisi zaidi.

Pili, angalia urefu. Majina mengi ya Kiayalandi ni mafupi, silabi moja au mbili. Yanapenda kufuatwa na jina la silabi tatu au nne: Seán Byamungu, Niamh Nabintu, Saoirse Mapendo. Mafupi mawili mfululizo yanakatika kama amri ya askari.

Tatu, angalia maana, usirudie. Saoirse Uhuru ni kumwita mtoto Uhuru Uhuru. Na tuseme ukweli kuhusu majina ya taabu. Kwetu kuna watu wanaoitwa Mateso, Masumbuko, Tabu, Shida, kwa sababu ya hali walizozaliwa nazo. Ni majina ya heshima na wenyewe wasione aibu. Lakini kumtumia mtoto mpya Saoirse Mateso, fikirini mara mbili kama mnataka kila fomu ya maisha yake isome hivyo.

Nne, angalia sheria ya jina lenyewe. Kuna majina yenye nafasi yake. Kwa Wanande, Kambale ni mvulana wa pili na Kasereka ni wa tatu. Ukimpa mvulana wa kwanza jina Kambale, kila Mnande atauliza yuko wapi mkubwa wake.

Tano, angalia jina la ukoo. Kule mtoto mara nyingi hubeba jina la ukoo la baba. Ndugu zetu wa Burundi na Rwanda wamezoea kila mtoto kuwa na jina lake mwenyewe, tofauti na la baba. Basi kwao nafasi ya katikati ndiyo mahali pazuri pa kuweka jina hilo la mtoto. Na kwa familia za Kiislamu, majina kama Pádraig na Bríd yamefungamana na watakatifu wa kanisa, lakini Saoirse ni neno la kawaida tu, na Ciarán maana yake ni mweusi mdogo. Ciarán Yusufu, hapo mashehe na mapadri wote watanyamaza.

Kwa wale wanaosikia majina haya kwenye simu wakashindwa kuyaandika, hii hapa orodha fupi, matamshi kwa Kiswahili:

Aoife – Ifa (uzuri, shujaa wa kike wa hadithi za kale)
Niamh – Niv (mng'ao)
Saoirse – Sirsha (uhuru)
Siobhán – Shivon (ndugu wa Jeanne)
Seán – Shon (ndugu wa Jean, Yohana)
Ciarán – Kiran (mweusi mdogo)
Tadhg – Taig (malenga)

Mambo ya karatasi

Hapa tunawaomba muwe makini. Kule Ayalandi kizazi kinatakiwa kisajiliwe ndani ya miezi 3. Kwa hiyo baraza la ukoo lisikae kwa mwaka mzima likibishana. Amueni mapema, mpeleke jibu kabla mtoto hajazaliwa kama inawezekana.

Mkishachagua, msilitume kwa sauti peke yake. Liandikeni herufi kwa herufi, mpige picha, mtume. Tunajua jinsi jina moja linavyoweza kuwa na sura tatu: Byamungu, Biamungu, Bya Mungu. Chagueni tahajia ile ile iliyoko kwenye karatasi za familia. Majina yasiyolingana yanazaa maswali siku ya kuunganisha familia, na maswali yanazaa miezi ya kungoja.

Nao wazazi wa kule waangalie vistari vidogo juu ya herufi. Kwa Kiayalandi si mapambo. Seán yenye kistari ni jina la mtu. Bila kistari, sean ni neno la kawaida lenye maana ya mzee, kitu cha zamani. Kama jina lina kistari, kiwepo kwenye cheti tangu siku ya kwanza.

Jina la aliyepotea

Sasa tumefika kwenye swali la tatu, ambalo ndilo zito. Hatutaki kulijibu kwa haraka, kwa sababu katika kambi hii hakuna zoni isiyokuwa na mtu anayengojwa.

Kuna wanaosema jina hutolewa kwa marehemu tu. Tuliuliza wazee wa makabila mbalimbali, na wengi walisema sivyo. Kwetu mtu anaweza kumpa mtoto jina la mjomba aliye hai, la rafiki, la mkunga aliyemzalisha. Ndiyo maana tuna neno wajina, na wengine kwa Kilingala husema ndoyi. Wajina wako ni mtu unayemletea zawadi, unayemtania, unayemuita kwa kucheka “mimi mwenyewe”. Neno hilo ni la watu walio hai. Halina kaburi ndani yake.

Kwa hiyo kumpa Saoirse jina la mjomba wake si kusema amekufa. Ni kusema tunamngoja, na akirudi atakuta wajina. Na tuseme wazi: kumpa mtoto jina hakufungi utafutaji. Kama mlijaza fomu Msalaba Mwekundu ya kumtafuta ndugu, endeleeni kuulizia, jina la mtoto halibadilishi chochote pale.

Lakini tunaweka masharti mawili. La kwanza, binti na mkwe wakubali kwa moyo, siyo kwa kuogopa machozi ya mama. Wao ndio watakaoliita kila siku. La pili, mtoto asibebeshwe safari ambayo hakutembea. Atakapouliza jina lake la kati ni la nani, asianze kusimuliwa usiku wa kukimbia. Aanze kusimuliwa mtu: alipenda nini, alicheza mpira nafasi gani, alikuwa anawachekesha vipi wadogo zake. Habari ya barabara itafika yenyewe, akikua.

Kwa bahati jina la kijana huyo, ambalo hatuliandiki hapa kwa heshima ya familia, kwetu hupewa wavulana na wasichana vilevile. Lina silabi tatu, linaanza na herufi isiyogongana na Saoirse. Tuliliita kwa sauti mara kadhaa, pamoja na mama mwenyewe. Linakaa vizuri.

Kazi ya mwezi huu

Kama kawaida, Kona yetu haiishi bila kazi ya nyumbani. Chukueni daftari la shule lililobaki kurasa. Muwakalishe wazee wa nyumba jioni moja, mwandike majina yote wanayokumbuka: ya babu na nyanya wa pande zote mbili, ya shangazi, ya wajomba. Pembeni ya kila jina andikeni maana yake, lilitolewa kwa sababu gani, na linaandikwa vipi kwenye karatasi. Andikeni na ya wale wanaongojwa. Siku simu ikipigwa kutoka mbali, mtu akasema “mtoto amezaliwa, tupeni jina”, msianze kukuna kichwa. Fungueni daftari.

Maswali ya mwezi ujao yaletwe ofisi ya jarida au kwa mwalimu yeyote wa shule za zoni, kwa karatasi au kwa mdomo. Mungu awalinde, na watoto waliozaliwa mbali awalinde vilevile.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea, Kona ya Familia.